Mtoto Anayekwama Katika Kusoma Si Mvivu
(Hotuba kwa wazazi na walimu wa madrasa)



Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya watoto ambao tumewadhulumu mara nyingi bila ya kukusudia. Hao ni watoto wenye akili timamu, macho yao yanaona na masikio yao yanasikia, lakini wakipewa kitabu wasome, hukwama. Wenzao wanasonga mbele, wao wanabaki kwenye herufi zile zile. Nasi huwaita wavivu, wajinga au watukutu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika madrasa yetu alikuwapo kijana wa miaka kumi aliyehifadhi sura nyingi kwa kusikiliza tu. Siku moja alifunguliwa ukurasa asiouzoea, akaambiwa asome. Akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti nzuri sura aliyoihifadhi, nayo haikuwamo katika ukurasa ule. Wenzake wakaangua kicheko, nasi watu wazima tukacheka pamoja nao. Kisha akachapwa kwa udanganyifu. Baada ya majuma machache hakuonekana tena, nasi tukasema kwamba mtoto yule hapendi dini. Leo tunakiri kuwa tulimhukumu kabla ya kumwelewa. Hakuwa mdanganyifu, alikuwa akiificha aibu yake kwa kile kidogo alichokiweza.

Wataalamu huliita tatizo hili disleksia, na si jambo geni. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za mvulana wa miaka 14. Alikuwa mwerevu na hodari wa hesabu, lakini maandishi yalimshinda, hata akakosea kuandika jina lake mwenyewe. Mwalimu wake alishuhudia kwamba angalikuwa miongoni mwa vijana bora wa shule ile kama masomo yote yangalifundishwa kwa mdomo. Tangu wakati huo uchunguzi mwingi umefanyika, na imethibitika kwamba tatizo hili limo katika mataifa yote, matajiri kwa maskini, na kwamba aghalabu hurithiwa katika ukoo.

Basi asili yake ni nini? Wengi hudhani ni macho, kwa kuwa mtoto huchanganya b na d, akasoma “dada” mahali palipoandikwa “baba”. Lakini watoto wote wadogo huchanganya hivyo wanapoanza. Mara nyingi shina la tatizo limo katika jinsi ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Ili mtu asome, hana budi kwanza kutambua kwamba neno limejengwa kwa sauti ndogo ndogo, kisha aunganishe kila sauti na alama yake. Mwambie mtoto aseme “kalamu”, kisha aseme tena bila ya “ka”. Mwingine atajibu upesi, “lamu”. Mwenye tatizo hili huenda akakutazama tu, kwa kuwa kwake neno lile ni kitu kimoja kisichogawanyika.

Kiswahili chetu huandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni neema. Mwaka 2001 wataalamu waliwalinganisha watu wenye disleksia wanaosoma Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Waitaliano, ambao lugha yao nayo huandikwa karibu kama inavyotamkwa, walisoma kwa usahihi zaidi. Lakini picha za ubongo zilionyesha udhaifu wa namna moja kwa wote. Kwa hiyo miongoni mwetu mtoto aweza kusoma bila ya makosa mengi, lakini polepole mno. Akipewa neno refu kama “hawakutusomesha”, huliunga silabi kwa silabi, na akifika mwisho mwanzo umekwisha mtoka. Na katika herufi za Kiarabu, ba, ta na tha hutofautiana kwa nukta tu. Mzigo wake ni mara mbili.

Wako pia watoto ambao shida yao imo katika lugha yenyewe wanayoisikia na kuisema. Mama humwagiza: “Nenda uani, chukua ndoo, ijaze maji, kisha umwite dada yako.” Mtoto hurudi na ndoo tupu, akaambiwa ni mkaidi, kumbe maneno yalimpita kabla hajayashika. Uchunguzi uliofanywa Uingereza umeonyesha kwamba katika darasa la watoto 30, wapatao wawili huwa na tatizo la namna hii. Wala tusisingizie kwamba nyumbani kunasemwa lugha mbili. Lugha mbili hazileti ugonjwa huu. Mwenye tatizo hili hulionyesha katika lugha zake zote.

Ndugu zetu, fimbo haiwezi kulifundisha sikio kugawanya sauti. Wala hirizi na kombe si tiba yake, na hakuna dawa ya kumeza. Kinachosaidia ni mafundisho yenye utaratibu na subira. Kwanza, mtoto apelekwe hospitali apimwe macho na masikio, ili tuwe na hakika kwamba anaona na anasikia vema. Pili, afundishwe kila siku kwa muda mfupi: sauti kwanza, kisha herufi yake, kisha silabi, bila ya kuruka hatua. Aichore herufi kwa kidole mchangani huku akiitamka, ili jicho, sikio na mkono vishirikiane. Tatu, asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake kitu asichokiandaa. Nne, apewe muda zaidi, na aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Tano, tumsomee vitabu sisi wenyewe, ili elimu isifungiwe nje kwa sababu ya herufi. Na maagizo tuyatoe moja moja, kwa maneno machache. Kadiri tunavyoanza mapema ndivyo msaada unavyofaa zaidi, ingawa hata mkubwa hajachelewa.

Nasi Waislamu tunayo sababu kubwa zaidi ya kuwa wapole. Nabii Musa a.s. alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake, tena akaomba nduguye Harun awe msaidizi wake, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi. Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa ombi hilo, bali alimpa msaidizi. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha r.a., iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtukufu Mtume s.a.w. ametufahamisha kwamba anayeisoma Qur'ani kwa kusitasita, nayo ikawa ngumu kwake, anayo malipo mawili. Tufikiri basi: yule aliyeahidiwa malipo mawili, sisi tulimpa kicheko na viboko. Tutajibu nini tutakapoulizwa?

Kwa hiyo kila mwalimu aliye hapa akumbuke mtoto mmoja anayekwama darasani mwake, na juma hili aketi naye peke yake kwa dakika kumi kila siku. Na kila mzazi ambaye mtoto wake ameikimbia madrasa amwulize kwa upole, bila ya ghadhabu, kilichomkimbiza ni nini. Nasi tumekwisha kwenda nyumbani kwa kijana yule tuliyemcheka. Tulimwomba radhi mbele ya wazazi wake. Bado hajarudi, lakini tutakwenda tena.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea, na atupe subira ya kuwalea watoto aliotukabidhi. Amin.