Leo Mmepika Nini?

Maneno ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe ya miaka 60 ya Uhuru, Desemba 2021

   

Tunashukuru kupewa nafasi hii katika mwaka ambao Tanganyika imetimiza miaka 60 ya Uhuru. Mwenyekiti ametuomba sisi wauguzi tuseme neno kuhusu afya. Wengi wetu tulikuja Uingereza tukiwa vijana, na shahada zetu za uuguzi tumezipatia hapa hapa, mchana darasani na usiku kazini kwenye nyumba za wazee. Pengine mlitegemea tuzungumze kuhusu barakoa na chanjo. Hayo mmeyasikia sana. Leo tunataka kuzungumza kuhusu chakula, kwa sababu Machi 2020, ukiacha ugonjwa wenyewe, lililotunyima usingizi wazazi wengi lilikuwa swali moja: watoto watakula nini?

Tuwakumbushe wadogo zetu, maana waliokuwa chekechea wakati ule sasa wanasoma na kuandika. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona ni janga la dunia. Tarehe 16 Machi serikali ya hapa ikasema mtu mmoja akipata homa au kikohozi kipya, nyumba nzima ikae ndani siku 14. Jumatatu usiku, tarehe 23 Machi, Waziri Mkuu Boris Johnson akatokea kwenye televisheni akatuamuru wote tubaki nyumbani.

Kati ya tarehe hizo rafu za supamaketi zilikuwa zimekwisha kukauka. Hakuna mchele, hakuna tambi, hakuna unga, hakuna mayai, hakuna karatasi za chooni. Maduka makubwa yakaweka ukomo. Tesco ikafika mahali pa kumruhusu mteja vitu vitatu tu vya aina moja. Tuliokuwa tukitoka zamu ya saa 12 tulipita dukani usiku tukakuta maua ya Siku ya Mama na kadi za kuzaliwa. Maduka yakatenga saa maalumu kwa wafanyakazi wa NHS, na tunayashukuru kwa hilo. Lakini wengi wa jumuiya hii walea wazee majumbani, waendesha mabasi na wafanyakazi wa maghala. Wao hawakuweza kubaki nyumbani kama televisheni ilivyosema, wala kufika dukani alfajiri kupanga foleni.

Huko nyumbani Tanzania shule zilifungwa lakini masoko yaliendelea. Ikawa ndugu tuliozoea kuwatumia pesa ndio wanaotupigia simu kutuuliza, "Jamani, huko mmekula?"

Ndugu zetu, chakula hakikuwa kimeisha Uingereza. Hili lieleweke, kwa sababu hofu hupungua mtu akijua mambo yanavyokwenda. Duka kubwa la siku hizi halina stoo ya miezi. Huletewa mzigo kila siku, kwa kadiri ya mauzo ya siku zilizopita. Kila nyumba ikiongeza vitu viwili vitatu tu kwenye toroli, rafu inakauka kabla lori halijarudi. Tena milo iliyokuwa ikiliwa shuleni, kazini na hotelini yote ilihamia nyumbani kwa wiki moja. Chukueni mfano wa unga wa ngano. Kwa kawaida takriban asilimia 4 tu ya unga wa nchi hii huuzwa madukani kwenye vifuko vidogo. Uliobaki huenda kwa waoka mikate na viwandani, kwa magunia na kwa malori. Ngano ilikuwepo, na vinu vilisaga usiku na mchana. Kilichokosekana ni mashine za kutosha za kujaza vile vifuko vya kilo moja na nusu.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza wakati ule ulikuwa huu: kabla hujaenda dukani, hesabu. Nyumba ya watu watano ikipika wali, nusu kilo ya mchele inatosha mlo mmoja. Ikisonga ugali, robo tatu ya kilo ya unga. Chukua siku 14, siku moja wali, siku moja ugali: ni mchele kilo tatu na nusu na unga kilo tano na robo. Ongeza kilo mbili za maharage na dengu, mafuta, chumvi, vitunguu, nazi za kopo, dagaa na mboga za kwenye friza. Hicho ndicho chakula kikuu cha nyumba nzima ikifungiwa wiki mbili, na kinaenea kwenye kabati moja. Sembe ikikosekana, wengi wenu mnajua kusonga ugali wa semolina, na hakuna aliyeugua kwa hilo. Mfuko wa mchele wa kilo 20 ni milo 40. Mwenye mifuko mitatu ana milo 120, na bado tuliwaona watu wakibeba wa nne. Huyo, hofu ndiyo inayomnunulia.

Yako mambo ambayo sisi wauguzi tuliyarudia kila siku kwenye simu, na tunayarudia leo kwa sababu yana uhai wa mtu ndani yake. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga hayaongezwi maji ili yafike mwisho wa wiki. Mtoto anakosa lishe, chumvi za mwilini zinavurugika, na anaweza kupata degedege. Yakikosekana, piga simu kwa mkunga au muuguzi wa watoto siku hiyo hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini asiruke mlo huku akichoma dozi ile ile ili kuwaachia wengine chakula. Sukari ikishuka anaweza kuzimia. Mboga na matunda yaoshwe kwa maji safi, si kwa jiki wala sabuni. Sabuni ni ya mikono, kwa sekunde 20. Kiporo cha wali kipoe upesi, kiingie kwenye friji ndani ya saa moja, na kiliwe kesho yake, kisizidi hapo. Na sisi wenye ngozi nyeusi, katika nchi hii ya jua la kuomba, vitamini D mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wazee mliomo humu ukumbini mnaikumbuka miaka ya mwanzo ya 80. Vita vya Kagera vimekwisha, nchi haina fedha za kigeni, sukari ni foleni, sabuni ni foleni, unga ni ule wa njano. Mlitusimulia jinsi mtu alivyoweka jiwe kwenye foleni limshikie nafasi, na jinsi balozi wa nyumba kumi alivyojua kila mlango: hapa wamo saba, pale pana mgonjwa, kwa mama yule kuna mtoto mchanga. Vijana wa leo wakisikia balozi wa nyumba kumi hucheka. Lakini Machi ile mlipotusimulia tena kwa simu, sisi hatukucheka. Tulichukua daftari la wanachama tukaligawa nyumba kumi kumi, na kila kumi ikapata balozi wake. Wengi walikuwa vijana wa chuo ambao masomo yao yalihamia kwenye kompyuta.

Kazi ya balozi ilikuwa moja: kila jioni kupiga simu na kuuliza. Na swali lilichaguliwa kwa makini. Ukimuuliza mtu wa kwetu, "Mna shida?", atakujibu, "Hatujambo, tunamshukuru Mungu," hata kama sufuria ni kavu. Heshima yake haimruhusu kusema vingine. Wodini nako ni hivyo hivyo. Mgonjwa hatumuulizi, "Unakula vizuri?", maana atasema ndiyo. Tunamuuliza, "Jana asubuhi ulikula nini? Mchana je?" Kwa hiyo mabalozi wetu waliambiwa waulize kama jirani anavyouliza jirani: "Leo mmepika nini?"

Majibu yalijieleza yenyewe. Nyumba moja ilijibu chai na mkate. Kesho yake, chai na mkate. Siku ya tatu, chai ya rangi. Siku ya nne mfuko ulikuwa mlangoni, mpelekaji amegonga na kurudi nyuma mita mbili, na hakuna aliyeulizwa neno. Wako kina mama waliokuwa wakijibu, "Watoto wamekula." Balozi akiuliza, "Na wewe je, dada?", simu inakuwa kimya. Na baadhi ya kina mama hao walikuwa wauguzi wenzetu, wanaokwenda kusimama saa 12 kuwahudumia wagonjwa mahututi.

Waliokuwa wamepungukiwa hawakuwa wavivu. Walikuwemo wanafunzi waliopoteza vibarua vya hotelini. Walikuwemo baba na mama ambao viza zao zimeandikwa kwamba hawana haki ya fedha za umma, wakaogopa kwamba kupokea mkate kutawaharibia makaratasi. Tuwaambie wazi, kwa ajili ya kesho: benki ya chakula inayoendeshwa na kanisa, msikiti au shirika la hisani si fedha za umma. Kuchukua chakula pale hakuvunji sharti la viza. Na Aprili 2020 serikali iliruhusu kwa muda watoto wa baadhi ya familia hizo kupata chakula cha bure cha shule. Haki ambayo mtu haijui hawezi kuidai.

Nanyi watoto, msione aibu juu ya jambo hili. Juni 2020 Marcus Rashford, mnayemjua kwa mabao, akiwa na umri wa miaka 22, aliwaandikia wabunge akaeleza hadharani kwamba utotoni alikula chakula cha bure cha shule na cha benki ya chakula. Serikali ikakubali kuendelea kutoa vocha za chakula wakati wa likizo ya kiangazi. Aliyesema kwamba kwao kulipungua ndiye aliyewashibisha wengine.

Mtatuuliza kwa nini tunayasema haya leo, wakati rafu zimejaa. Septemba iliyopita madereva wa malori walipungua na magari yakapanga foleni kwenye vituo vya petroli. Wiki hizi tunasikia habari za aina mpya ya kirusi, na wodi zetu zinajiandaa. Tunaomba mambo matatu.

La kwanza, kila nyumba iwe na kabati la siku 14, na lijazwe polepole: wiki hii maharage, wiki ijayo unga. Ukinunua kidogo kidogo humkaushii mwenzako rafu.

La pili, orodha ya nyumba kumi isife. Kuna familia zimefika mwaka huu na hazimo. Na jirani yako Mwingereza mwenye miaka 80 anayeishi peke yake, naye mhesabu katika kumi zako. Hana wa kumpigia simu kutoka Tanga wala Mwanza.

La tatu, wazazi, watoto husikia tunaponong'ona jikoni. Msiwaambie "usijali" kisha mkakaa usiku mkihesabu makopo. Wapeni wao kazi ya kuhesabu: mchele kilo ngapi, milo mingapi. Mtoto anayejua kwamba kabatini mna milo ya wiki mbili hulala. Na wafundisheni kusonga ugali, wavulana kwa wasichana.

Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 2020 walikuja wote pamoja kwenye milango yetu huku ugenini, na mbali na serikali yetu. Tulichokuwa nacho ni kufahamiana. Miaka 60 ni mingi, na yapo mengi ya kusherehekea leo: pilau iko tayari na ngoma zinasubiri. Lakini kabla ya wiki hii kwisha, kila mmoja wetu apige simu nyumba moja ambayo hajaisikia siku nyingi. Asiulize kama wana shida. Aulize wamepika nini, na asikilize jibu mpaka mwisho.

Tunawatakia heri ya sikukuu ya Uhuru.