Shilingi Yetu Kama Kazi ya Kwanza: Kuomba Uzamili wa Hesabu za Fedha Ng'ambo



Wahitimu wa hesabu na aktuaria, wa kampasi za Chiromo na Madaraka hapa Nairobi, huniletea swali lile lile: nitaombaje shahada ya uzamili ya hesabu za fedha ng'ambo ilhali sijawahi kuajiriwa na benki, na mfukoni sina kitu? Naamini kazi ya kuonyesha mnayo hapa Nairobi, ila hamjaiandika.

Chukueni mwanzo wa mwaka 2024. Januari, dola moja ilikaribia shilingi 160. Wengi waliogopa kwamba serikali ingeshindwa kulipa Eurobond ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Februari serikali ikauza Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5 ili kuanza kulipa ile ya zamani. Mwezi huo huo Benki Kuu ikanadi bondi ya miundombinu ya miaka 8.5: iliomba shilingi bilioni 70, zabuni zikapita bilioni 280. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131. Ada ya maombi ya dola 100, iliyomgharimu mwanafunzi shilingi 16,000, ikawa kama 13,000.

Sasa pakueni viwango vya kila siku vya kubadilisha dola kutoka tovuti ya Benki Kuu, na mtengeneze kwa Python modeli ya mtikisiko wa bei mliyofundishwa darasani. Ilisheni data hadi mwisho wa Januari, kisha muitake ikadirie Februari. Itayumba, kwa sababu inadhani bei hutembea hatua ndogondogo, na shilingi iliruka. Andikeni kurasa kumi tu: ilikosea siku gani, kwa kiasi gani, na ni dhana ipi iliyoiangusha. Msifiche mahali ilipokosea. Hapo ndipo msomaji wa maombi ataona kama mnafikiri.

Anayependa hisa aanzie Westlands. Soko la Hisa la Nairobi, lililoko huko, lilifungua soko la mikataba ya bei za baadaye Julai 2019, na biashara yake imekuwa nyembamba. Utakadiriaje bei ya haki pale wanunuzi wanapokosekana? Hilo ni swali zito la utafiti, nalo liko mwendo wa matatu moja kutoka katikati ya mji.

Kuhusu pesa, nasema kwa uchungu: msikope kwa jamaa ili kulipia maombi kumi. Tafuteni mfadhili kwanza, chuo kifuate. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka saa 2,800 za kazi, kwa hiyo aliyehitimu jana asubiri. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, lakini mwombaji viza asiye na mfadhili huonyesha fedha za kujikimu za mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Karo ya bure peke yake haikufikishi. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, lina ofisi hapa Nairobi. Nendeni mkaulize ana kwa ana. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na sasa ina kituo Rwanda, hutoa uzamili wa sayansi za hesabu kwa ufadhili kamili, na mimi ningeitanguliza mbele ya vyuo vingi vyenye majina makubwa. WorldQuant University hufundisha uzamili wa uhandisi wa fedha kwa intaneti bila karo, ukiwa bado unafanya kibarua chako Kawangware au Kangemi.

Limebaki suala la barua za mapendekezo. Mhadhiri aliyekuona tu ukumbini kati ya mamia hana la kusema zaidi ya alama zako. Mpelekee zile kurasa kumi miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho, umwombe azikosoe, uzirekebishe, umrudishie. Ndipo uombe barua.