Vipodozi, Ushuru na Mikono ya Mpambaji

(Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wasusi, vinyozi na wapambaji)

Najua kwa wengi wenu Jumatatu ndiyo siku ya kupumzika, na mmetupa sisi.

Nianze na mikono. Shangazi yangu aliwapaka wateja krimu kwa zaidi ya miaka kumi, katika saluni ambayo sitaitaja. Alichanganya mkorogo kwenye kopo la siagi, kwa vidole, bila glavu. Leo ngozi ya vidole vyake imekuwa nyembamba hata kufua nguo kunamuuma. Mteja alipakwa mara moja akaenda zake. Shangazi alishika krimu hiyo kutwa nzima, mteja baada ya mteja. Matangazo yetu ya serikali, na mengine nimeyaandika mimi mwenyewe, humwonya mnunuzi tu. Mpakaji tunamsahau.

Marufuku yenyewe si mapya. KEBS ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni tangu mwaka 1998. Kenya pia imejiunga na Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliathirika kwa kula samaki wenye zebaki. Nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki viondolewe kabisa ifikapo 2025. Zebaki hupenya kwenye ngozi na huharibu figo. Kwa mama mjamzito, humfikia mtoto tumboni.

Kwa hivyo someni maandishi ya kwenye mkebe kabla ya kuufungua. Mkiona mercury, Hg, calomel au mercuric iodide, hiyo ni zebaki. Clobetasol na betamethasone ni dawa za kuandikiwa na daktari, si za kupaka mteja wa saluni. Mkebe usio na maandishi yoyote, msiununue hata kama ni wa bei nafuu. Bidhaa yenye nembo ya ubora mnaweza kuihakikisha kwa simu: andikeni SM# na nambari ya kibali, mtume kwa 20023.

Sasa bei. Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni: mnatukataza krimu ya bei rahisi, halafu ile halali mnaitoza ushuru? Ana haki ya kuuliza. Sheria ya Fedha ya 2022 ilipandisha ushuru wa vipodozi kutoka asilimia 10 hadi 15. Ushuru huo ni wa serikali ya kitaifa, hupitishwa na Bunge, na kaunti haiwezi kuupunguza. Lakini sitawaficha ninavyoona: losheni halali ikipanda bei, anayefurahi ni muuzaji wa mkebe usio na jina.

Ada ya leseni ya biashara ni yetu, kaunti. Mswada wetu wa fedha huletwa kwenu kwa maoni kila mwaka, na katika vikao nilivyohudhuria, wenye matatu na wenye maduka ya jumla hujaa. Wasusi huwa wawili, watatu. Njooni.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya leseni. Wengi wenu hamjaajiriwa. Mnakodi kiti, mnamlipa mwenye saluni kwa wiki. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 humlinda mwajiriwa. Anayekodi kiti huhesabiwa kuwa mfanyabiashara wa kujitegemea, hata kama saa za kufungua na krimu za kutumia anapangiwa na mwingine. Akidhurika, anajitibu mwenyewe. Pengo hilo halijazibwa. Kwa sasa, yule ambaye kweli ni mwajiriwa adai mkataba wa maandishi, na mkodishaji kiti awe na haki ya kukataa krimu asiyoijua.

Wale waliojifunzia kazi mikononi mwa dada au jirani, mnaweza kufanya mtihani wa NITA mpate cheti, kuanzia Gredi ya III. Ulizeni katika chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi.

Mliokuja na mikebe mnayoitilia shaka, afisa wa afya ya umma yuko kwenye meza ile karibu na dirisha. Hatamwandikia mtu faini leo. Tumekubaliana hivyo kabla ya kuwaita. Glavu pia ziko hapo, kila mmoja achukue pakiti moja.