Pasipoti ya Pikipiki: Mipaka Migumu kati ya Cairo na Moyale

Pikipiki inayovuka mpaka wa nchi kavu huhesabiwa kama msafiri wa pili. Mwendeshaji hukaguliwa na uhamiaji kwa pasipoti na viza yake. Chombo chake hukaguliwa na forodha, na forodha haishughuliki na sura ya mtu. Inataka namba ya chesisi, namba ya injini, kadi ya usajili, na uhakika kwamba pikipiki iliyoingia itatoka. Ikibaki nchini na kuuzwa, serikali imepoteza ushuru. Ndiyo maana mtu mwenye viza halali anaweza kukaribishwa mpakani huku pikipiki yake ikizuiwa getini, na kazi kubwa ya kuvuka mpaka wenye masharti hufanyika miezi kadhaa kabla ya safari, nyumbani, mezani, mbele ya makaratasi.

Karatasi kuu ni kitabu kiitwacho karneti, ambacho wasafiri wamezoea kukiita pasipoti ya chombo. Hutolewa na vyama vya wenye magari vilivyo chini ya mtandao wa kimataifa, na nchini Kenya chama kinachokitoa ni AA. Kitabu hudumu mwaka mmoja na huwa na kurasa 5, 10 au 25, na kila kuingia nchi mpya hutumia ukurasa mmoja. Ukurasa una vipande vitatu. Cha chini hukatwa na ofisa wa forodha wakati wa kuingia, cha kati hukatwa wakati wa kutoka, na cha juu hubaki kitabuni kikiwa na mihuri yote miwili. Mhuri wa kutoka ukikosekana, nchi ile ina haki ya kukidai chama kilichotoa kitabu ushuru wote, na chama hujilipa kutoka kwenye dhamana aliyoiweka mwenye pikipiki. Dhamana hiyo hufuata nchi zilizomo katika safari. Misri, ambako ushuru wa vyombo vya nje ni mkubwa, inaweza kuipandisha hadi ikazidi thamani ya pikipiki yenyewe mara kadhaa. Mwenye kipato cha kawaida hukwamia hapo kabla hata hajawasha injini, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu halihusiani na uaminifu wake wala ustadi wake barabarani.

Misri yenyewe haitosheki na karneti. Pikipiki ya mgeni hukaguliwa, hulipiwa bima ya ndani, kisha hupewa leseni ya muda na namba za Kimisri zilizoandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Namba hizo ni mali ya serikali na lazima zirudishwe siku ya kutoka. Shughuli hii hupita madirisha mengi na hula saa nyingi. Anayejua kusoma tarakimu za Kiarabu ana nafuu kubwa, maana anaweza kuhakikisha papo hapo kwamba namba ya chesisi haikukosewa. Tarakimu moja ikiandikwa vibaya wakati wa kuingia hugeuka kesi wakati wa kutoka, tena mbele ya ofisa mwingine asiyejua kilichotokea mwanzo.

Kusini mwa Misri ndiko mpaka uliowatesa wasafiri kwa muda mrefu zaidi. Kwa miongo kadhaa hapakuwa na njia ya barabara kwa mgeni kuingia Sudan. Kulikuwa na feri moja kwa wiki, kutoka Aswan hadi Wadi Halfa, juu ya ziwa lililoundwa na bwawa kubwa la Aswan. Abiria walilala sitahani kati ya magunia na majokofu, na magari yakapakiwa kwenye tishari lililofuata nyuma kwa mwendo wake. Mtu angeweza kufika Wadi Halfa akalisubiri gari lake kwa siku kadhaa. Mwenye pikipiki mara nyingine alibahatika, kwa kuwa chombo chake kiliweza kubanwa kwenye feri ya abiria. Agosti 2014 kituo cha Qustul na Ashkeet kilifunguliwa, na safari ikawa ya kivuko kifupi pale Abu Simbel, kisha lami hadi mpakani. Mwaka 2016 kikafuata kituo cha Argeen, upande wa magharibi wa Nili. Hata hivyo wasafiri wengi waliendelea kumtegemea wakala wa forodha kila upande, mtu anayejua dirisha lipi hutangulia na ofisa gani ameenda kuswali. Malipo yake yalikuwa halali yake. Aliuza maarifa ambayo hayakuandikwa mahali popote.

Njia hiyo ilikatika tarehe 15 Aprili 2023, vita vilipoanza Khartoum. Wadi Halfa, mji mdogo wa jangwani uliozoea wapita njia, ulijaa familia zilizokimbia na kusubiri viza za Misri kwenye joto kali. Kwa msafiri wa pikipiki, kufungwa kwa Sudan ni usumbufu wa ratiba na gharama. Kwa Msudani ni kupoteza nyumba, na mazungumzo yoyote kuhusu mpaka huu yasipolitaja hilo kwanza yamepotoka.

Vita na njia hii vimekutana zamani. Tarehe 6 Oktoba 1973, msafiri Ted Simon aliondoka London kwa pikipiki aina ya Triumph kuanza safari ya miaka 4 kuizunguka dunia. Siku hiyohiyo vita vya Oktoba kati ya nchi za Kiarabu na Israeli vilianza, na Misri, iliyokuwa katika njia yake, ikawa nchi ya vita kabla hajaifikia.

Wanaotaka kuikwepa Sudan wana njia chache. Wapo wanaopitia Saudia, ambayo ilianza kutoa viza za utalii Septemba 2019, kisha wakapakia pikipiki melini kuelekea pwani ya Afrika Mashariki. Wapo wanaoshika upande wa magharibi, kupitia Moroko na Mauritania hadi Angola na Namibia. Huko nako kuna mipaka ya kusumbua. Kwa mfano, anayetokea Tunisia hawezi kwenda Moroko kwa barabara kupitia Algeria, kwa sababu mpaka wa Algeria na Moroko umefungwa tangu 1994. Nchi moja ikifunga lango, ramani ya bara zima hupangwa upya.

Ethiopia, inayofuata baada ya Sudan kwa anayetoka kaskazini, ina ugumu wa namna yake. Kwa miaka mingi viza yake ya mtandaoni ilikubaliwa kwenye uwanja wa ndege wa Bole tu. Mwenye pikipiki alihitaji viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, na zipo balozi zinazotoa viza kwa wakazi wa nchi zilipo peke yao. Wengine walilazimika kutuma pasipoti nyumbani kwa kampuni ya vifurushi na kuisubiri wakiwa ugenini. Forodha nayo hukagua mizigo kwa makini: darubini na droni huweza kuzuiwa mpakani. Kisha kuna suala la tarehe. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma kwa miaka 7 au 8, hivyo mhuri unaweza kuonekana wa zamani kwa asiyejua. Saa, kwa upande mwingine, haimbabaishi Mswahili. Waethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri kama wanavyofanya watu wa Mombasa na Tanga, na saa mbili asubuhi ya Addis Ababa ni saa mbili asubuhi ya Nairobi.

Moyale ndiyo mlango wa kuingia Kenya. Pikipiki inatoka upande wa kulia wa barabara na kuingia upande wa kushoto, jambo linalohitaji akili iliyotulia baada ya foleni ya mihuri. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Desemba 2020 na kuanza kazi Juni 2021, kwa hiyo taratibu za nchi mbili hufanyika chini ya paa moja. Zamani shida ya Moyale ilianza baada ya mpaka. Karibu kilomita 500 hadi Isiolo zilikuwa za mawe ya volkano na vijituta vilivyopangana kama migongo ya bati, vilivyovunja shokomzoba na fremu, na magari yalikwenda kwa misafara yenye askari kwa hofu ya majambazi. Lami ilipokamilika, mwendo wa siku mbili au tatu ukawa wa siku moja. Wafugaji na wafanyabiashara wa Marsabit waliingoja barabara hiyo tangu uhuru, na walistahili kuipata mapema zaidi.

Ipo pia njia ya Omorate, inayoshuka mashariki mwa Ziwa Turkana. Kwa muda mrefu upande wa Kenya haukuwa na uhamiaji wala forodha, isipokuwa kituo cha polisi cha Ileret. Msafiri aligongewa mhuri wa kutoka Ethiopia, akapita mchanga na mawe hadi Loiyangalani, na kufika Nairobi siku kadhaa baadaye akiwa bado hajaingia Kenya kimaandishi. Ilikuwa juu yake kwenda mwenyewe ofisini kugongewa pasipoti na karneti. Aliyelipuuza hilo aliingia matatani kwenye mpaka uliofuata.

Kuanzia Kenya kwenda kusini masharti hulegea. Kadi ya njano ya bima ya COMESA hutambuliwa hata Tanzania, ingawa Tanzania si mwanachama wa COMESA. Kusini kabisa, ukurasa mmoja wa karneti hutosha kwa nchi zote tano za umoja wa forodha: Afrika Kusini, Namibia, Botswana, Lesotho na Eswatini. Safari inapokwisha, pikipiki hurudishwa nyumbani na kukaguliwa, kitabu hupelekwa kwa chama kilichokitoa, na karani hupitia vipande vya juu kimoja baada ya kingine akitafuta mihuri miwili kwenye kila kimoja. Akiikuta yote, dhamana huachiliwa.