Somo la Historia: Waliobeba Mizigo

 

Leo twende Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Hapo ipo nyumba ya tembe ambayo sasa ni makumbusho. Watoto shuleni hufundishwa kwamba Daktari Livingstone alikaa hapo mwaka 1872, na Stanley alikuwa mwenzake. Ni kweli. Lakini sisi tuulize: kwa nini Livingstone alikaa muda mrefu?

Stanley aliondoka mwezi wa Machi. Livingstone alibaki mpaka tarehe 25 Agosti. Nguo na shanga za kununulia chakula njiani alikuwa nazo. Alichokosa ni wapagazi. Zaidi ya miezi mitano alingoja watu watoke Pwani, maana pasipo mabega ya kubeba mizigo hapakuwa na safari.

Mpagazi alibeba karibu kilo 30, akitembea kwa miguu mpaka Bagamoyo. Wanyamwezi wengi waliifanya kazi hiyo baada ya mavuno, wakarudi kulima mvua zilipokaribia.

Mwaka 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba. Halima, mpishi, alikuwamo safarini. Walipofika Unyanyembe walimkuta Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Shauri hilo walilikata wenyewe, wala hawakuwa na bwana wa kuwaamuru. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mwili ukapelekwa London, lakini katika wote walioubeba, ni Jacob Wainwright peke yake aliyehudhuria maziko.

Mzee mmoja wa darasa letu aliniambia, “Mwalimu, babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Lakini hiyo si historia, ni habari za nyumbani tu.” Nikamjibu, “Mzee wangu, historia ya nchi hii ilipita njiani kwa miguu ya babu zako. Tusipoiandika sisi, itabaki ya wale waliokuwa na kalamu.”

Basi, kazi ya juma hili: mwulize mzee mmoja nyumbani kwenu, wazee wake walifanya kazi gani, walilipwa nini, na nani alilima shamba walipokuwa safarini. Andika majina yao, usiwasahau wanawake. Uje na daftari darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.