Kutengeneza Kiungio cha PVC Kinachovuja katika Mabomba ya Tangi la Samaki

Gundi ya PVC haifanyi kazi kama gundi ya seremala. Ni kiyeyusho: hulainisha uso wa bomba na uso wa ndani wa soketi, plastiki za pande mbili huchanganyika, na kiyeyusho kikisharuka hubaki kitu kimoja. Ndiyo maana kupaka gundi kwa nje juu ya kiungio kinachovuja ni kazi bure, ingawa hufanywa kila siku. Gundi ya nje haijabanwa kati ya nyuso mbili. Hukauka ikawa utando tu, na maji huubandua. Silikoni nayo, pamoja na uhodari wake kwenye kioo, haishiki PVC vizuri.

Kabla ya kukata chochote, chanzo kijulikane. Maji hutambaa chini ya bomba na kudondoka mbali na yanakotokea. Mabomba hufutwa yakauka, kila kiungio kikazungushiwa karatasi ya shashi. Inayolowa kwanza ndiyo inayosema kweli. Katika tangi la maji ya bahari, chumvi nyeupe iliyoganda huonyesha mahali penyewe. Uvujaji mdogo usidharauliwe. Tone moja kwa sekunde hufika lita 4 hivi kwa siku, na katika maji ya bahari lita hizo huondoka na gramu 140 za chumvi. Mfugaji anayejazia maji baridi kila asubuhi anawapunguzia samaki wake chumvi bila kujua.

Kiungio cha hesi hutengenezeka kwa urahisi. Hufunguliwa, tepu ya zamani huondolewa yote, na mpya huzungushwa mara tatu au nne kufuata upande wa kukazia. Hukazwa kwa mkono, kisha kidogo tu kwa spana. Nguvu nyingi hupasua kipande cha nje. Yunioni ikivuja, mara nyingi ni oringi iliyokauka au punje ya mchanga iliyokaa chini yake. Oringi husafishwa na kupakwa grisi ya silikoni, kwa kuwa mafuta ya petroli huharibu aina nyingi za mpira.

Kiungio cha gundi hakina dawa ila kukatwa. Hapo ugumu hasa si bomba, ni viumbe waliomo tangini. Gundi ya kiungio chenye presha hupewa saa 24, na muda wote huo pampu kuu imezimwa. Bakteria wa kichujio huhitaji maji yenye oksijeni. Vichujio vikikaa bila mzunguko, huanza kufa. Kwa hiyo pampu ya hewa huwekwa tangini kwanza, na vichujio huhamishiwa humo, ndipo msumeno ushikwe. Anayesahau hatua hii hujikuta akiwasha pampu gundi ikiwa bado mbichi.

Umeme wa pampu kuu hukatwa, koki hufungwa, bomba hukatwa kwa pembe mraba kabisa, na mabaki ya ukingoni huondolewa kwa msasa. Mafundi wa majumbani huzuia maji yanayochuruzika kwa kusokomeza mkate ndani ya bomba. Katika tangi la samaki mkate huo huoza na kuchafua maji, hivyo bomba limwagwe likauke lenyewe. Vipimo navyo viangaliwe: bomba la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na ushee, halifanani na la milimita 32, na kulazimisha ndoa hiyo ni kuzaa uvujaji mpya. Likijaribiwa kavu, bomba liingie sehemu ya soketi kisha lianze kubana.

Gundi hupakwa pande zote mbili, bomba husukumwa hadi mwisho huku likizungushwa robo mzunguko, na hushikiliwa nusu dakika lisirudi nyuma. Madirisha yawe wazi na moto uwe mbali, kwani mvuke wa gundi huwaka. Mahali palipokatwa panafaa kuwekwa yunioni, ili safari nyingine kusiwe na haja ya msumeno. Maji ya kwanza hupitishwa ndooni na kumwagwa.

Kipande kinachokosekana dukani kisibadilishwe kwa cha shaba. Kamba na matumbawe hufa kwa kiasi kidogo sana cha shaba majini.