Mafuta ya Nyonyo: Kipi Yanaweza, Kipi Hayawezi
(Maongezi na wanafunzi wa klabu ya afya shuleni)

Leo tuongee kuhusu ile chupa ndogo ya mafuta mazito ya nyonyo. Wengine mnayaita mafuta ya mbarika.

Swali lenu kubwa ni moja: je, yanaotesha nywele? Hapana. Hakuna utafiti uliothibitisha hivyo. Unywele huota kutoka kwenye mzizi ulio ndani ya ngozi, kama sentimita 1 kwa mwezi, paka usipake. Kazi ya nyonyo ni kuzuia unyevu usipotee upesi. Nywele kavu hulainika na hazikatiki ovyo ukichana, na visigino vilivyopasuka hupata nafuu. Si haba, ila si miujiza.

Sasa wewe dada, umesukwa nywele zikavutwa mpaka uso umekaza, na pembeni zimeanza kunyonyoka. Unapaka nyonyo kila usiku, kisha unasuka vilevile! Fumua, upumzishe kichwa mapema, maana mzizi ukishakufa haufufuki. Nawe kaka mwenye mapunye kichwani, huo ni ugonjwa wa fangasi. Unahitaji vidonge vya hospitali kwa wiki kadhaa, siyo mafuta.

Ukitaka kupaka, matone machache yanatosha, uchanganye na mafuta mepesi kama ya nazi. Kwanza jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku moja au mbili. Pakiwasha, acha. Usijimiminie kichwani, wako watu ambao nywele zao ndefu ziligandamana hadi zikakatwa. Na machoni usitie kabisa.

Halafu kuna jambo mnalonong'onezana bwenini. Eti msichana akikosa siku zake, anywe nyonyo zirudi. Jamani! Ukinywa utaharisha sana, mwili utakaukiwa maji, na kama ana mimba, tumbo la uzazi linaweza kuanza kubana. Mwenye wasiwasi aende kliniki akapimwe. Akiogopa, rafiki amsindikize.

Na mbegu zenyewe msizitafune, hata kwa utani. Zina sumu kali iitwayo risini. Mafuta yakitengenezwa vizuri, sumu hiyo hubaki kwenye mashudu. Mdogo wako akitafuna mbegu, mkimbize hospitali hata kama bado anacheza, kwa sababu dalili huweza kuchelewa saa kadhaa.